Haki ya Fumbo: Fasili, Kitendawili na Historia ya Nyangwe

Utangulizi

Makala haya mafupi yanachunguza swali moja: ni masharti gani yanayoifanya fasili iliyofichwa ndani ya fumbo iwe ya haki? Swali hili limejadiliwa sana na watunzi wa chemshabongo za kujaza herufi huko Uingereza. A. F. Ritchie, aliyejulikana kwa jina la Afrit, alilizungumzia mwaka 1949, na D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes, akaliandikia kitabu mwaka 1966. Kwa ufupi, msimamo wao ni kwamba mtunzi anaruhusiwa kumpoteza msomaji njia, lakini haruhusiwi kumdanganya. Tunakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo si ngeni katika Kiswahili, na kwamba historia ya mji wa Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba huko Maniema, haiwezi kueleweka vizuri pasipo kuizingatia.

Masharti ya kitendawili

Tuanze na mfano unaojulikana na kila mtu: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai. Baada ya jibu kutolewa, msikilizaji hurudi nyuma na kulipima kila neno. Je, yai ni nyumba? Ndiyo, kwa kuwa kifaranga hukaa humo. Je, halina mlango? Halina. Mtegaji ametumia sitiari, lakini hakusema uongo. Lau angalisema "Nyumba yangu ina mlango mmoja", baraza lingalimkatalia, na halali yake. Hili ndilo sharti la kwanza, yaani ukweli.

Hata hivyo ukweli peke yake hautoshi. "Nyumba yangu nyeupe" ni kweli kwa yai, lakini ni kweli pia kwa vitu vingi mno. Hata kitendawili chetu chenyewe kina upungufu huo, kwani anayejibu "kaburi" ana hoja. Barazani hoja hiyo huamuliwa na mapokeo: jibu linalokubalika linajulikana na wakubwa. Katika chemshabongo ya Kiingereza mapokeo hayo hayapo, hivyo mtunzi hulazimika kuongeza njia ya pili, yaani mchezo wa herufi au silabi unaofikia jibu lilelile. Basi sharti la pili ni uthibitisho: fasili ya haki humwachia mjibuji namna ya kujua kwamba amepata au amekosa.

Mto wa Nyangwe

Nyangwe ilianza kuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani na Zanzibar yapata mwaka 1860. David Livingstone alifika huko mwishoni mwa Machi 1871, akiwa na swali ambalo kwa umbo lake lilikuwa kitendawili: mto mkubwa, watoka kusini, waelekea kaskazini, ni upi? Yeye alitumaini kwamba ni Naili. Kila neno la fasili hiyo lilikuwa kweli kwa Naili. Kasoro ni kwamba lilikuwa kweli kwa Kongo pia, kwa sababu Lualaba hukielekea kaskazini kabla ya kupinda kwenda magharibi. Livingstone alikosa mitumbwi ya kuufuata mto. Mnamo tarehe 15 Julai 1871 aliyaona mauaji ya watu wa soko la Nyangwe, ambao idadi yao ilikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400. Baada ya hapo aliondoka, na alifariki mwaka 1873 akiwa bado anaitafuta chemchemi ya Naili.

Njia ya pili ilipatikana mwaka 1874. Verney Lovett Cameron alipima kimo cha nchi hapo Nyangwe akakiona kuwa chini ya kile cha Naili penye Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Kwa hiyo jibu la Naili likaanguka. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Nyangwe Novemba 1876 pamoja na Tippu Tip, aliufuata mto hadi akafika Boma Agosti 1877, na fumbo likafumbuka. Fasili ya mto haikuwa ya uongo. Ilikuwa pungufu, na kipimo kikaikamilisha.

Jina la "Waarabu"

Fasili nyingine iliyotolewa juu ya Nyangwe ilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Mwaka 1887 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold II, ilimteua Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls. Miaka mitano baadaye dola hiyohiyo ilikuwa vitani na wale iliowaita "Waarabu". Jeshi la Francis Dhanis liliitwaa Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sidney Hinde, daktari aliyekuwamo katika jeshi hilo, aliliweka jina la Waarabu wa Kongo katika anwani ya kitabu chake cha mwaka 1897.

Tukilipima neno kwa neno, kama tulivyolipima yai, fasili hii haisimami. Wengi wa waliopigana upande wa Nyangwe walikuwa wazaliwa wa bara, waliojifunza Kiswahili na kujiita Wangwana. Upande wa pili, nguvu kubwa ya Dhanis ilitokana na watu wa Ngongo Lutete, ambaye hadi mwaka 1892 alikuwa akimtumikia Tippu Tip. Wenyeji walipigana na wenyeji. Jina la "Waarabu" liliyaficha hayo, na likaifanya vita ya kugombea pembe na ardhi ionekane kuwa ni vita ya kuwaokoa wenyeji mikononi mwa wageni. Biashara ya watumwa ilikuwapo, na ukatili wake haukanushiki. Lakini ubaya wa mtu hauhalalishi kumpa fasili isiyo yake.

Jina la "Wangwana" nalo lastahili kupimwa kwa mizani hiyohiyo. Mwungwana ni mtu asiye mtumwa, ilhali wengi waliojiita hivyo walikuwa watumwa au watoto wa mateka. Hapa neno halikueleza hali yao ilivyokuwa. Lilieleza madai yao.

Hitimisho

Katika desturi yetu, baraza likishindwa na kitendawili, humpa mtegaji mji, kisha yeye hulazimika kutoa jibu, na wote hulipima. Nyangwe mji ulitwaliwa kwa bunduki, na aliyeutwaa ndiye aliyeandika fasili ya waliokuwamo bila wao kuulizwa. Kwa hiyo mwalimu wa historia na mtunzi wa kamusi wanaokutana na maneno "vita ya Waarabu" wasiyapokee kama yalivyo. Wayarudie neno kwa neno, wakiuliza maswali mawili ya barazani: je, ni kweli? Na tutajuaje?