Kitoweo Kilichopanda Bara: Samaki katika Jiko la Dodoma

Mapokeo ya Wagogo husema kuwa jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo idodomya, yaani mahali palipozama kitu. Tembo alikuja kunywa maji kijitoni, miguu ikanasa topeni, akadidimia hadi akapotea machoni pa watu. Iwe kisa hiki ni historia au ni hekaya, kinabeba ukweli mmoja: mji ulipewa jina lake na maji katika nchi ambayo maji ni adimu. Uwanda huu wa kati ya Tanzania umeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na takriban yote huanguka baina ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Katika nchi ya namna hiyo, anayeuliza samaki hupikwaje hana budi kuuliza kwanza samaki alifikaje.

Kwa mtu wa visiwani suala hilo halipo. Samaki hushushwa dikoni alfajiri, adhuhuri yumo chunguni, na mpishi hahitaji zaidi ya chumvi, ndimu na moto. Ndivyo pia wafundishavyo wapishi wa nchi za baridi kuhusu salmoni, samaki wao mashuhuri mwenye nyama nyekundu: apakwe chumvi, atiwe maji ya limau, aokwe kwa muda mfupi, asiharibiwe kwa viungo vingi. Lakini hata salmoni hakuwa mbichi siku zote. Yeye huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurejea mtoni kutaga mayai, na hurejea kwa msimu. Kwa hiyo wenyeji wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini walimkausha kwa upepo na moshi ili wapate chakula cha majira ya baridi. Jua, chumvi na moshi ndivyo vilivyomwezesha mwanadamu kula samaki siku asiyovua na mahali asipovua. Historia ya samaki wa Dodoma ni sura mojawapo ya habari hiyo.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikata katikati ya Ugogo. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora Novemba, na Ujiji wakaiona Februari 1858. Wasafiri waliiogopa sehemu hii ya njia. Mashariki yake lilikuwapo pori la Marenga Mkali, lililopewa jina kwa ukali wa maji yake ya chumvi; magharibi yake pori la Mgunda Mkali. Baina ya mapori hayo watawala wa Kigogo walitoza hongo ya nguo na shanga, kwani wao ndio waliokuwa na visima na nafaka, na msafara usiokuwa na maji hauna ubishi. Katika safari ya miezi samaki mbichi hakuwezekana. Karibu robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na hakuna mpagazi ambaye angekubali kubeba maji yanayooza. Papa na ng'onda wa pwani, au dagaa waliokaushwa mchangani kando ya Ziwa Tanganyika, waliweza tu kusafiri wakiwa wepesi na wakavu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilifunguliwa na Waingereza mwaka 1928. Kwa mara ya kwanza uwanda mkavu ukawa na mkono mmoja unaogusa bahari, wa pili unaogusa Ziwa Tanganyika, na wa tatu unaogusa Ziwa Victoria. Magunia ya dagaa na matenga ya migebuka waliobanikwa yakaweza kushushwa stesheni ya Dodoma kama yashushwavyo magunia ya mchele.

Hata hivyo reli haikuwa neema tupu. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita Ugogo, majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo; mvua ilipokosekana baadaye, nchi haikuwa na akiba. Njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na jina hilo likawa kipimo cha nyakati, watu wakihesabu umri wao kwa kuitaja. Mathias Mnyampala, malenga wa ngonjera aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1954, alizaliwa mwaka huo wa 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Watu waliopita katika njaa ya namna hiyo hawadharau chakula kinachoweza kuwekwa.

Hapo ndipo penye siri ya mapokezi ya samaki mkavu katika jiko la Kigogo. Hakuja kama mgeni asiyeeleweka. Wanawake wa uwanda huu walikuwa na elimu yao ya kale ya kukausha. Majani ya mlenda na mboga nyingine za porini huchumwa wakati wa masika, huanikwa, husagwa au hupondwa, na kuhifadhiwa hadi kiangazi, pale ambapo hakuna jani bichi linaloonekana. Ugali wa uwele au wa mtama ulikwisha kuzoea kitoweo kilichopitia juani. Dagaa walipofika, walikuta mkono unaojua kurudisha uhai katika kitu kikavu.

Namna ya kuwapika ni nyepesi, ila kila hatua ina sababu yake. Dagaa huchambuliwa vichwa na matumbo, kwa kuwa ndimo ukaako uchungu. Hukaangwa kidogo katika chungu kikavu ili mchanga uachie na harufu ipungue, kisha huoshwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu. Mpishi wa Dodoma hafanyi israfu hata hapo: maji ya mwisho, yaliyo safi, huweza kumwagiwa mche wa mboga. Ndipo dagaa huungwa kwa kitunguu na nyanya, au huchemshwa na kutiwa karanga zilizopondwa, ambazo huufanya mchuzi uwe mzito na kuulainisha ukali wa chumvi. Wengine huwachanganya na mlenda wenyewe, dagaa wachache wakiwatosha watu wengi. Mahali ambapo ndimu ni ghali, ukwaju hushika nafasi yake, kwani mkwaju hustawi katika nyika hizi.

Si kweli, hata hivyo, kwamba uwanda huu haukuwa na samaki wake. Magharibi ya mji wa Dodoma limo bonde la Bahi, ambalo hupokea maji ya mto Bubu na haliyapeleki baharini. Mvua ikiwa nyingi bonde hugeuka kuwa ziwa pana na watu huingia kuvua. Mvua ikiwa haba hubaki tope lililopasuka na chumvi inayong'aa. Samaki afaaye kwa maji ya namna hiyo ni kambale, ambaye aweza kuvuta hewa ya juu na kustahimili topeni wakati wenzake wamekufa. Kambale hana magamba bali ana utelezi, na upishi wake huanza na utelezi huo. Husuguliwa kwa majivu au kwa chumvi, huoshwa, hupasuliwa na kukunjwa, kisha hubanikwa taratibu juu ya moto wa kuni hadi awe mweusi na mkavu. Siku ya kuliwa huloweshwa, na kuchemshwa polepole mpaka nyama iachane na mfupa.

Serikali ya kikoloni ilichimba mabwawa kadhaa katika miaka ya 1950, likiwemo la Hombolo, kwa ajili ya mifugo na kilimo, na humo nako perege wakapatikana. Lakini bwawa lililobadilisha chakula cha uwanda mzima lilijengwa kwa sababu isiyohusiana na chakula hata kidogo. Mto Ruaha Mkuu ulizuiwa Mtera, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1970, ili maji yatunzwe kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu iliyo chini zaidi. Mtera yenyewe ilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, megawati 80. Wahandisi walikusudia kuweka akiba ya maji. Pamoja na maji wakaweka samaki. Nchi ya wachungaji na wakulima wa mtama ikapata pwani. Wavuvi walikuja kutoka mbali, wenyeji wakajifunza mitumbwi na nyavu, na kando ya barabara ya Iringa wachuuzi wakapanga perege na kambale, wabichi, wa kukaanga na wa kubanika, mbele ya abiria wa mabasi.

Kwa hiyo perege mbichi akaingia katika majiko ya Dodoma, na pamoja naye upishi mpya. Huparuliwa magamba, hutolewa matumbo, huchanjwa mbavuni mara tatu kila upande ili chumvi na ndimu vipenye, na huachwa kwa muda mfupi hadi ajikaushe. Kisha hukaangwa katika mafuta ya alizeti, zao linalostawi katika mikoa ya Dodoma na Singida. Mafuta lazima yawe yamechemka sawasawa, ama sivyo ngozi hunata chunguni na samaki humeguka. Aliyebaki jioni hurudishwa motoni kesho yake kwa nyanya na kitunguu. Hapa upishi wa bara na wa visiwani unakaribiana: samaki mwenyewe ndiye ladha, na viungo ni wasaidizi.

Kukua kwa mji kumeongeza walaji. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulichukua muda mrefu kutimia: Bunge lilihamia mwaka 1996, na Serikali ikaanza kuhama kwa wingi baada ya agizo la mwaka 2016. Watumishi waliotoka pwani na kanda ya ziwa walikuja na matamanio yao. Sato na sangara wa Mwanza hufika wakiwa kwenye barafu, vibua hupanda kutoka Dar es Salaam, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huunganisha Dodoma na bahari kwa saa chache, safari iliyomchukua Burton miezi.

Lakini wingi huu haukuondoa swali la zamani. Bwawa la Mtera likijaa, maji yake hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Yakishuka chini ya mita 690 hayaruhusiwi tena kwa kawaida kuzungusha mitambo. Katika ukame wa mwaka 2005 na 2006 yalishuka kupita mpaka huo, na nchi ikaingia gizani kwa mgawo wa umeme. Magazeti yaliandika sana juu ya giza, na juu ya nyavu kidogo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, na sababu zinazotajwa zaidi ni maji yachukuliwayo na mashamba ya mpunga ya Usangu na kuharibika kwa ardhi oevu ya Ihefu. Mkulima wa mpunga anayo haki yake, mwenye mitambo anayo yake. Mvuvi wa Mtera na mama anayekaanga perege barabarani hawakuwamo katika hesabu bwawa lilipojengwa, na ni rahisi kusahauliwa tena linapokauka.

Yanayosalia Mtera huteremka hadi Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji yaliyomkuza perege wa Dodoma ndiyo yalishayo kamba wa delta wanaoliwa pwani. Mtu wa visiwani na Mgogo wa Mtera, kwa hiyo, wanakula kutoka mto mmoja, ingawa mmoja yuko mkiani na mwingine katikati. Mwaka ambao mto haukufika Mtera, mwanamke wa Dodoma hurudi sokoni kupima dagaa kwa kopo, akawachambua vichwa, akawakaanga chunguni bila mafuta, na kuwaunga kwa karanga kama alivyofundishwa na mama yake.