Magurudumu Gani Yasukume Gari? Historia Fupi ya Magari na Theluji

Januari iliyopita wanne kati yetu tulikuwa njiani kutoka Madison kwenda Milwaukee. Tulikuwa tunakwenda kuwasomesha Kiswahili watoto wa familia zilizotoka Kongo, kama tunavyofanya kila Jumamosi. Gari tulilopanda linasukumwa na magurudumu yote manne. Theluji ilikuwa imeanguka usiku, nasi tulikuwa tunayapita magari mengine bila wasiwasi. Mara taa za breki za lori la mbele zikawaka. Tulikanyaga breki, gari likakataa kusimama. Liliserereka polepole mpaka likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, lakini tulikaa pale zaidi ya saa moja tukisubiri kuvutwa, huku magari madogo ya kawaida yakitupita moja baada ya jingine.

Wiki iliyofuata mjomba wa mwenzetu mmoja alijitolea kukipa chama gari lake la zamani, ambalo linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Wazazi wetu wakapinga. "Gari la kusukuma nyuma kwenye theluji? Mnatafuta kifo," alisema mama mmoja kwenye simu. Kwa kuwa chama kilitakiwa kuamua gari lipi litapeleka walimu Milwaukee msimu huu wa baridi, tulikaa chini tukaanza kusoma. Makala haya ni matokeo ya kusoma huko.

Kwa nini magurudumu ya nyuma yalianza

Mwaka 1891 kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa iliweka injini mbele ya gari na kupeleka nguvu zake kwenye magurudumu ya nyuma. Mpangilio huo ulienea duniani kote. Sababu yake ni rahisi. Magurudumu ya mbele yana kazi ya kukata kona, na wakati ule ilikuwa vigumu kutengeneza chuma kinachoweza kuzungusha gurudumu na papo hapo kuliacha ligeuke kulia na kushoto. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 na kuzidi milioni 15, nayo ilisukumwa na magurudumu ya nyuma.

Udhaifu wa mpangilio huo hujulikana wakati wa theluji. Injini ni nzito nayo iko mbele, kwa hiyo magurudumu ya nyuma hayana uzito wa kutosha wa kuyakandamiza chini. Ukikanyaga mafuta yanazunguka pale pale. Ukikanyaga ukiwa kwenye kona, mkia wa gari unatoka nje. Ndiyo maana wazee wa hapa Wisconsin walikuwa wakiweka mifuko ya mchanga ndani ya buti. Mchanga ule uliongeza uzito nyuma, na ukikwama uliweza kuumwaga chini ya matairi.

Jibu lililotoka Clintonville

Hatukujua kwamba sehemu kubwa ya historia hii iko katika jimbo letu wenyewe. Uholanzi walitangulia, kwani kampuni ya Spyker ilionyesha gari la magurudumu manne mwaka 1903. Lakini katika mji mdogo wa Clintonville, Wisconsin, mafundi wawili, Otto Zachow na shemeji yake William Besserdich, walibuni kiungo cha kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele bila kuyazuia kugeuka. Walipata haki ya uvumbuzi huo mwaka 1908. Kampuni iliyotokana na kazi yao, Four Wheel Drive Auto Company, ilitengeneza maelfu ya malori yaliyotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Vita vilipokwisha, malori mengi ya jeshi yaligawiwa idara za barabara za majimbo. Hapo ndipo tulipokuta jambo ambalo lilitushangaza. Kabla ya magari kuenea, theluji ya barabarani haikuondolewa. Ilishindiliwa kwa magogo makubwa yaliyovutwa na farasi, ili magari ya kuteleza yapite juu yake. Wenye magari ya injini wengi waliyafungia bandani mpaka theluji iyeyuke. Katika miaka ya 1920 malori ya magurudumu manne yalifungwa majembe mbele na kuanza kusukuma theluji pembeni. Kwa maneno mengine, kazi kubwa ya kwanza ya magurudumu manne wakati wa baridi ilikuwa kuwafungulia njia watu wenye magari ya kusukuma nyuma. Kwa miaka 50 hivi iliyofuata, familia za hapa ziliendesha magari hayo majira yote ya baridi, kwa sababu barabara ilisafishwa.

Magurudumu manne yanaingia nyumbani

Jeep ya vita mwaka 1941 na Land Rover mwaka 1948 zilifanya magurudumu manne yajulikane duniani, lakini zilikuwa gari za kazi. Mwaka 1972 Subaru ya Japani ilitoa Leone ya magurudumu manne. Wazo lilitokana na kampuni ya umeme ya Tohoku, ambayo wafanyakazi wake walihitaji gari la kufikia nyaya za umeme milimani wakati wa theluji, lenye starehe kuliko Jeep. Kisha American Motors ikaanza kutengeneza Eagle, gari la kawaida la familia lenye magurudumu manne ya kusukuma, katika kiwanda cha Kenosha, hapa hapa Wisconsin. Iliuzwa kama gari la mwaka 1980. Mwaka huo huo Audi ilionyesha Quattro mjini Geneva. Mhandisi wao Jörg Bensinger alipata wazo hilo baada ya kuona gari la kijeshi, Iltis, likiyashinda magari yenye nguvu zaidi kwenye theluji ya Finland.

Mwaka 1981 Quattro ilishinda mashindano ya Sweden, yanayoendeshwa juu ya theluji na barafu. Wengi waliona kwamba hoja imefungwa. Lakini wazazi wetu waliokulia Kenya wanakumbuka habari nyingine. Safari Rally iliendeshwa wakati wa Pasaka, katika msimu wa mvua, na utelezi wa matope ni ndugu wa utelezi wa theluji. Shekhar Mehta alishinda Safari mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kila mara akiendesha Datsun ya kusukuma nyuma. Toyota Celica, nayo ya kusukuma nyuma, ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Audi ya magurudumu manne ilisubiri mpaka mwaka 1987. Tulipowakumbusha wazazi jambo hili, baba mmoja alicheka akasema hata Peugeot 504 ya babu haikuwa na magurudumu manne, na ilifika kijijini.

Kusimama ni jambo jingine

Hapa tunarudi mtaroni. Swali la magurudumu gani yanasukuma linahusu kuondoka, kupanda mlima na kuongeza mwendo. Halihusu kusimama. Tangu miaka ya 1920 breki zilianza kuwekwa kwenye magurudumu yote, na leo kila gari, liwe la kusukuma mbele, nyuma au kote, husimama kwa magurudumu manne. Wakati wa kusimama kinachoshika barabara ni tairi tu. Gari letu lilituonyesha kwamba tunaweza kwenda haraka, lakini halikutuambia kwamba hatuwezi kusimama.

Historia ya tairi haina mashabiki wengi, ingawa kwa maoni yetu ndiyo muhimu zaidi. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Finland kilitengeneza tairi la kwanza la baridi, kwa ajili ya malori. Mwaka 1936 kilitoa Hakkapeliitta kwa magari madogo. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Mpira wa tairi la baridi hubaki laini, na mikato yake midogo hung'ata theluji. Quebec nchini Kanada, ambako baridi ni kali kuliko kwetu, tangu mwaka 2008 sheria inadai matairi ya baridi. Haidai magurudumu manne ya kusukuma.

Vifaa vya umeme navyo vimepunguza hatari ya gari la nyuma. Breki zisizofunga magurudumu zilikuja katika Mercedes mwaka 1978, na mfumo wa kulizuia gari lisizunguke ulikuja mwaka 1995. Hapa Marekani mfumo huo ni lazima kwa magari mapya yote madogo tangu yale ya mwaka 2012. Gari la mjomba linavyo vyote viwili.

Tulichoamua

Hatusemi kwamba magurudumu manne hayana maana. Anayeishi juu ya kilima ambacho jembe la theluji hufika mchana anayahitaji, na akiongeza matairi ya baridi atakuwa na gari bora kuliko letu. Lakini njia yetu ni barabara kuu, tambarare, inayosafishwa mapema. Kwa hiyo chama kimekubali gari la mjomba, na fedha za mfuko wetu zimenunua matairi manne ya baridi. Tumenunua manne kwa sababu ukiweka mawili tu nyuma, mbele hapatashika wakati wa kukata kona. Lile gari la mtaroni halitabeba walimu mpaka nalo libadilishwe matairi. Na siku ambayo barabara haijasafishwa, tutawapigia simu wazazi wa watoto na kubaki nyumbani.

Yule mama wa kwenye simu bado hajaridhika. Ametuambia atakuja mwenyewe kuangalia hayo matairi, na tumemkaribisha.