Motere iliyozama si motere iliyokufa: historia ya meli Liemba na somo lake kwetu

Kalemie. 

Siku chache zilizopita nilikuwa pwani hapa mjini asubuhi, upepo umetoka kutulia. Kijana mmoja aliyehama kwao kwa sababu ya vita alikuwa amepoteza motere ndani ya maji. Wimbi lilipiga mtumbwi ubavuni, motere ikang'oka, ikaenda chini. Wenzake waliipata kwa kamba na kuivuta hadi mchangani. Motere yenyewe ilikuwa ya kukopa, na familia tatu zinakula kwa samaki wa mtumbwi ule. Kijana hakungoja hata kidogo, akashika kamba ya kuwashia na kuanza kuvuta.

Fundi mmoja mzee akapiga kelele: «Acha, mwanangu! Maji hayabanwi kama hewa. Ukivuta hivyo utapinda biele, na hapo hautakuwa na motere tena. Hata Liemba hawakuiwasha siku ile ile ilipotoka ziwani.»

Watu wakacheka. Vijana wengi wanaijua Liemba kama meli ya zamani ya Tanzania tu. Hawajui kwamba iliwahi kulala chini ya ziwa letu. Ndiyo sababu leo nawaletea historia yake.

Wajerumani waliijenga meli ile mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, kwenye kiwanda cha Meyer. Waliiita Graf von Götzen. Baada ya kuijenga waliifungua yote, wakaipanga katika masanduku karibu 5,000, wakaipeleka kwa bahari hadi Dar es Salaam. Kutoka pale ilipanda treni mpaka Kigoma, ambako mafundi watatu wa kiwanda, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisimamia kazi ya kuiunganisha tena. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 70 na mitambo miwili ya mvuke. Kwenye ziwa hakukuwa na meli nyingine ya kulingana nayo.

Wakati huo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimefika kwetu. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliipiga meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Wabelgiji walikaa Lukuga, hapa hapa tunapoita Kalemie leo. Waingereza wakaleta mashua mbili ndogo za motere, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikateremka mto Lualaba, mwisho zikafika Lukuga kwa reli. Mamia ya wafanyakazi Waafrika walikata miti, wakajenga madaraja na kuvuta kamba. Majina yao hayakuandikwa, lakini bila wao mashua zile zisingeona ziwa.

Hapa ndipo historia inapoingia kwenye habari ya motere na maji. Ndani ya miezi saba, meli tatu za Wajerumani zilizama, na kila moja ilizama kwa namna yake.

Ya kwanza ni Kingani. Ilipigwa na kutekwa tarehe 26 Desemba 1915, ikaletwa Lukuga ikiwa imetobolewa, ikazama mahali pasipo na kina. Waliiinua mara moja, wakaziba tundu, wakaitengeneza, na ikarudi kazini kwa jina la Fifi. Ya pili ni Hedwig von Wissmann. Tarehe 9 Februari 1916 ilipigwa mpaka ikashika moto na kuzama. Hiyo haikurudi tena.

Ya tatu ni Götzen. Mwezi Julai 1916 askari wa Force Publique, wengi wao Wakongomani, walikuwa wanakaribia Kigoma. Wajerumani walijua lazima waondoke. Wangeweza kuilipua meli yao ili adui asiipate. Badala yake, mafundi walewale walioiunganisha waliingia chumba cha mitambo wakapaka grisi nzito kila chuma kinachozunguka na kila kinachoteleza. Halafu meli ikapakiwa mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wao wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, kwenye kina cha mita kama 20. Siku mbili baadaye Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji.

Kwa nini grisi? Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa. Grisi inazuia vyote viwili visiguse chuma. Tena ziwa letu halina chumvi kama bahari, na chumvi ndiyo inayoharakisha kutu. Wale mafundi walitumaini watarudi kuichukua meli yao.

Hawakurudi. Baada ya vita Wabelgiji walijaribu kuiokoa, lakini haikurudi kazini. Waingereza ndio waliofaulu kuiinua, tarehe 16 Machi 1924. Walipofungua mitambo na matangi ya mvuke, walikuta bado vinafaa. Hata hivyo hawakuwasha haraka. Walitoa matope, wakasafisha, wakakagua kipande kwa kipande. Meli ilianza kazi tena tarehe 16 Mei 1927, miaka mitatu baadaye, kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini. Mitambo ile ya mvuke iliendelea kusukuma meli mpaka miaka ya 1970, ndipo wakaweka ya mazutu.

Na sasa sikieni vizuri, ninyi mliohama. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Liemba ilikodiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikarudisha nyumbani Wakongomani zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ilibeba maelfu ya Warundi waliokimbilia Kagunga. Waliopaka grisi mwaka 1916 hawakuwaza mama wa Fizi anayerudi na watoto wake. Lakini kazi yao nzuri ya siku ile ndiyo iliyombeba.

Turudi pwani. Yule fundi mzee alisafisha motere kwanza kwa maji safi ili mchanga utoke. Alitoa bujie, akailaza motere matundu yakitazama chini, akazungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, mpaka maji yote yakatoka. Alisema kama lingekataa kuzunguka, asingelilazimisha. Akamwaga esansi yote ya zamani kwenye tangi na kabureta. Akatia oili kidogo kwenye matundu ya bujie, akazungusha tena ili oili ienee. Akakausha bujie, akaweka esansi mpya. Baada ya hapo tu ndipo akavuta kamba. Mara ya nne motere ikaitika.

Kijana akamuuliza: «Papa, na kama usingekuwepo leo?»

«Ungeirudisha ndani ya maji safi, kwenye pipa, ungoje fundi», akajibu. «Motere iliyozama ikikaa juani bila kusafishwa, kutu inaanza siku hiyo hiyo. Ndani ya maji inachelewa.»

Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa yamepanda na kuingia majumbani, kuanzia Uvira mpaka hapa Kalemie, na motere nyingi zimelowa. Haraka yetu inaweza kuharibu motere kuliko maji. Basi, kabla ya kuuza motere yako kama chuma chakavu, mwite fundi.

Na kama mzazi wako alipanda Liemba mwaka 1997, mwombe akusimulie safari ile, kisha utuletee habari yake. Tutaitangaza hapa.