Zidaka

Zidaka (umoja: kidaka) ni safu za vishubaka vya kuwekea vyombo vya thamani, vinavyotengenezwa ukutani kwa plasta ya chokaa katika nyumba za mawe za Waswahili, hasa visiwani Lamu na Pate (Kenya). Umbo hili la wingi ni la lahaja ya Kiamu. Katika Kiswahili sanifu huitwa vidaka.

Muundo

Nyumba hizo, nyingi zikiwa za karne ya 18, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Urefu wa boriti za mikoko ulizuia upana wa vyumba, hivyo vikawa virefu na vyembamba. Zidaka nyingi ziko katika ukuta wa ndani, yaani chumba cha nyuma. Vivuli vyake huufanya ukuta uonekane kuwa na kina zaidi.

Matumizi

Humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka China na vitabu. Vyombo hivyo havikuwa pambo tu: vilionyesha hadhi ya familia na uhusiano wake na biashara ya Bahari Hindi.

Katika fasihi

Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unataja vidaka vya majumba ya Pate vilivyogeuka makazi ya ndege, kama onyo kwamba utajiri wa dunia haudumu.

Leo

Mji wa kale wa Lamu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001. Zidaka zinaweza kuonekana huko katika Makumbusho ya Nyumba ya Waswahili.