Vidonda vya kulala ICU: nesi anatakiwa kujua nini?

Mtu anaweza kulazwa ICU kwa nimonia, nimonia ikapona, akatoka na shimo juu ya makalio. Hicho ni kidonda cha mgandamizo, wengi tunakiita kidonda cha kulala. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti na nyama inaanza kufa. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani, karibu na mfupa. Ngozi ikija kuchanika, ujue mambo yaliharibika zamani.

Tarehe 15 Mei 2018 watafiti walihesabu vidonda hivi kwa siku moja katika ICU 1,117 za nchi 90. Kati ya wagonjwa 13,254, asilimia 26.6 walikuwa navyo, na asilimia 16.2 walivipatia humohumo ICU. Sehemu zilizoongoza ni chini ya mgongo, kisha visigino.

Kwa nini ICU? Mgonjwa kalazwa usingizi kwa dawa, hasikii maumivu wala hawezi kujigeuza. Dawa za kupandisha presha, kama noradrenalini, hubana mishipa midogo na ngozi inanyimwa damu. Ongeza jasho na kuharisha.

Nesi huanza kwa kupima hatari. Kipimo cha Braden, cha mwaka 1987, hutazama mambo 6: hisia, unyevu wa ngozi, shughuli, uwezo wa kujigeuza, lishe na msuguano. Alama ni 6 hadi 23, na aliye na 18 au chini yuko hatarini. Sasa, ICU karibu wote wako hapo, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Lazima ngozi yenyewe ikaguliwe.

Na hapa ndipo penye mtego kwetu. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Nesi alinganishe na ngozi ya jirani: je, pana joto au ubaridi, pamekuwa pagumu au palaini kupita kawaida, pamezidi weusi au kuwa zambarau?

Yapo mazoea ya kuachwa. Kusugua sehemu iliyoanza kubadilika rangi huzidi kuumiza nyama. Mto wa duara wenye tundu katikati hubana damu pembeni. Glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino nayo siyo dawa. Weka mto chini ya ndama wa mguu, kisigino kining'inie.

Kazi ngumu ni mgonjwa wa mashine ya kupumulia. Kichwa kinainuliwa nyuzi 30 hadi 45 kuzuia nimonia, lakini akiinuliwa hivyo anateleza na mgongo unasuguliwa. Magoti yainuliwe kwanza, ndipo kichwa. Akilazwa ubavu, nyuzi 30 zinatosha, siyo 90 na nyonga kubeba mwili mzima.

Vifaa pia hujeruhi: mpira wa puani, barakoa ya oksijeni, kamba ya mpira wa mdomoni. Vihamishwe kidogo na chini yake pakaguliwe.

Na yule ambaye presha inashuka akigeuzwa? Wengine humwacha chali siku nzima. Ageuzwe taratibu, asubiriwe presha itulie. Ikishindikana, asogezwe kidogokidogo: bega, nyonga, mguu, kisha ijaribiwe tena baadaye.