Vox, Farfisa na kompyuta: safari ya vinanda vyepesi

Mwezi Mei 1964, vijana watano wa bendi ya The Animals kutoka Newcastle waliingia studio jijini London na kurekodi "House of the Rising Sun" kwa mkupuo mmoja. Wengi wanaukumbuka wimbo huo kwa gita la Hilton Valentine na koo zito la Eric Burdon. Lakini mwimbaji anaponyamaza, anayeubeba wimbo ni Alan Price na kinanda chake chenye sauti nyembamba, kali, inayotetemeka. Kinanda hicho ni Vox Continental, na kilikuwa na takriban miaka miwili tu tangu kiingie sokoni.

Kabla yake, mpiga ogani aliyetaka kuzunguka na bendi alikuwa na mtihani mkubwa. Ogani ya umeme iliyotamba ilikuwa Hammond, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1935 na Laurens Hammond. Ndani yake mota huzungusha magurudumu ya chuma yenye meno, na kila gurudumu hutoa noti yake. Sauti ni tamu mno, lakini Hammond B-3 pamoja na kanyagio zake na benchi huzidi kilo 150, na bado hujabeba kasha la spika.

Tom Jennings, mwenye kiwanda cha Dartford katika jimbo la Kent, alikuwa tayari anawauzia wapiga gita amplifaya za Vox. Mafundi wake wakaachana na magurudumu, wakatumia transista. Matokeo yake yalikuwa kinanda chepesi chenye kifuniko cha rangi ya machungwa, miguu ya chuma inayong'aa iliyopinda kama herufi Z, na vibonyezo vilivyogeuzwa rangi: vinavyozoeleka kuwa vyeupe vilikuwa vyeusi, na vyeusi vikawa vyeupe. Kwenye televisheni ya wakati ule, isiyo na rangi, kilitambulika papo hapo.

Ufundi wake unastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndio uliokuja kuwavutia waandishi wa programu miaka mingi baadaye. Ndani ya Continental mna saketi kumi na mbili tu za kutoa sauti, moja kwa kila noti ya oktava ya juu kabisa. Noti za chini hupatikana kwa kugawa: saketi nyingine huupunguza mtetemo kwa nusu, kisha nusu ya nusu. La ya mitetemo 440 kwa sekunde huzaa ya 220, na hiyo huzaa ya 110. Saketi zote hulia tangu kinanda kinapowashwa, na kibonyezo huwa kama mlango tu unaofunguliwa. Ndiyo maana mpigaji akiweka vidole vyote kumi, hakuna noti inayokatika. Ndiyo maana pia noti huingia kwa mlio mdogo wa "tk": mlango umefunguliwa wimbi likiwa katikati ya safari yake. Na transista moja ikifa, noti zote zilizo chini yake katika mnyororo huo hunyamaza nayo.

Waitalia hawakukaa mbali. Farfisa ilianza mwaka 1946 viwanda vitatu vya kodiani vilipoungana katika eneo la Ancona, na kodiani ni chombo ambacho mpenzi yeyote wa taarabu ya Unguja hahitaji kuelezwa. Mafundi waliozoea vibonyezo na swichi za kubadili sauti hawakuona ugeni katika ogani ya transista. Vinanda vyao vya Compact, vilivyotoka kuanzia mwaka 1964, vilikuwa na safu ya swichi za rangi na wenzo wa kusukumwa kwa goti ili sauti ichachamae. Richard Wright wa Pink Floyd alipiga Farfisa. Spooner Oldham alipiga Farfisa nyuma ya Percy Sledge katika "When a Man Loves a Woman" mwaka 1966. Mtunzi Steve Reich akaandika "Four Organs" mwaka 1970, akordi moja inayorefushwa polepole kwa ogani nne na kayamba, na ilipopigwa Carnegie Hall mwaka 1973 baadhi ya wasikilizaji walizomea waziwazi.

Umaarufu haukudumu. Sinthesaiza zilienea katika miaka ya 1970, na Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ikamaliza kazi. Wachache walivirudia vinanda hivyo vya zamani kwa makusudi, kama Steve Nieve katika bendi ya Elvis Costello, lakini vinanda vingi viliishia stoo huku kapasita zikikauka na swichi zilizo chini ya vibonyezo zikiota kutu.

Kompyuta ndiyo iliyoufungua tena mlango. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa mfumo wa programu-jalizi uitwao VST mwaka 1996, na mwaka 1999 ukapanuliwa kuwa VST 2 ili ala nzima iweze kuishi ndani ya programu ya kurekodi. Kisha Jeff McClintock wa New Zealand akatengeneza SynthEdit, iliyomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kuunganisha vipande kwenye skrini na kupata ala ya VST. Vinanda vya bure vya mtindo wa Vox na Farfisa vikamiminika. Ogani ya transista iliwafaa sana watengenezaji hao wa nyumbani, kwa kuwa saketi zake ni chache na mantiki yake ni hesabu.

Lakini vingi vya vinanda hivyo vilikuwa vya Windows pekee, vya biti 32, na watengenezaji hawakutoa chanzo cha programu zao. Cubase 9, programu ya kurekodi ya Steinberg ya mwaka 2016, iliacha kupokea ala za biti 32. Apple ilifuata kwa kompyuta zake mwaka 2019. Mwaka 2018 Steinberg ilikuwa imeacha kutoa leseni mpya za VST 2. Kinanda cha mbao cha mwaka 1964 bado hufufuliwa na fundi mwenye chuma cha kulehemu. Programu ya mwaka 2004 ambayo mwenyewe amepotea nayo haifufuliwi na mtu, na hiyo ni hasara ya kweli kwa muziki.

Zilizonusurika ni zile zilizoachwa wazi. Fredrik Kilander aliandika Beatrix, ogani ya mtindo wa Hammond, na kutoa chanzo chake kwa leseni huria. Robin Gareus na Will Panther waliichukua wakaijenga upya kuwa setBfree, inayoigiza hata athari ya spika inayozunguka. Ogani nyingine ya programu, AZR-3, iliyoanzia kwenye Windows, ilihamishiwa Linux na Lars Luthman kwa njia hiyo hiyo. Na anayeitafuta Vox Continental yenyewe ataikuta ndani ya Bristol, mkusanyiko wa ala za kale ulioandikwa na Nick Copeland kwa ajili ya Linux.

Kwa anayerekodi chumbani, ogani hizi zina huruma ambayo piano haina. Vox na Farfisa hazikujali kidole kimegusa kwa nguvu au taratibu, kwa hiyo kibodi ya bei ndogo kabisa inatosha, na hata vibonyezo vya laptopu vinaweza kufaa kwa mstari mfupi. Kosa linalosikika mara nyingi ni kuiacha sauti ikiwa safi. Continental ilizoeleka kupitishiwa kwenye amplifaya, na masikio yetu yameizoea ikiwa imekwaruzwa kidogo. Weka programu-jalizi ya amplifaya ya gita baada ya ogani, ongeza mwangwi wa springi, punguza besi ili isigombane na gita la besi, na utetemeshaji uwashwe tangu mwanzo hadi mwisho. Kanyagio la sauti nalo likiunganishwa kwenye kibodi huchukua nafasi ya wenzo ule wa goti wa Farfisa.