Harisa ya Musa Dagh

Waarmenia wanajulikana ulimwenguni kwa lavash, mkate mwembamba unaobandikwa katika kuta za tanuri ya udongo iliyochimbiwa ardhini, ambao mwaka 2014 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini katika vyakula vyao vyote sidhani kama kimo kilichobeba tarikhi nzito kuliko harisa. Nayo si ngeni kwetu watu wa pwani, kwani ni nduguye bokoboko: ngano iliyokobolewa, nyama ya kondoo au ya kuku, maji na chumvi, vikaachwa usiku kucha juu ya moto mdogo mpaka nyama iachane na mifupa, kisha vikapondwa kwa mwiko hata isijulikane tena ipi ngano na ipi nyama. Sisi humiminia samli, wao siagi.

Tarikhi yenyewe ni hii: mwaka 1915, serikali ya Uthmani ilipokuwa ikiwahamisha Waarmenia kwa nguvu kutoka makwao, wengi wao wakauawa au wakafa kwa njaa na kiu njiani, amri hiyo iliwafikia mnamo Julai wenyeji wa vijiji sita vilivyo chini ya mlima wa Musa Dagh, karibu na Antiokia, ukingoni mwa bahari ya Mediterania. Wengi wao wakakataa kutii. Wakapanda mlimani na wake zao, watoto wao, mifugo yao na chakula walichoweza kubeba, wakapigana na askari kwa muda wa siku zipatazo 50, mpaka mnamo Septemba manowari ya Kifaransa, Guichen, ilipoiona bendera waliyoitundika kuomba msaada. Watu wapatao 4,000 wakapakiwa merikebuni wakapelekwa Port Said, Misri. (Franz Werfel, katika riwaya yake ya mwaka 1933, alizifanya siku hizo kuwa 40, mtunzi ana ruhusa zake.)

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walirejea makwao, ila si kwa muda mrefu. Mwaka 1939 Ufaransa iliiachia Uturuki jimbo lile, na wengi wakahajiri tena, wakaenda Anjar, katika bonde la Bekaa huko Lebanon. Kati ya vijiji vile sita, ni Vakıflı peke yake kilichobaki na Waarmenia wake. Huko Anjar, na vilevile Armenia penye mnara wa kumbukumbu ya mapigano yale ya mlimani, kila Septemba, inapowadia Sikukuu ya Msalaba, masufuria makubwa ya harisa hutelekwa jioni, wanaume hupokezana miiko mpaka alfajiri kwa ngoma na zumari, padri hukibariki chakula, kisha kila aliyehudhuria, awe mwenyeji au mgeni, hupewa sehemu yake bila ya malipo.

Mwaka 2011 UNESCO iliandikisha keşkek, chakula cha namna hiyohiyo, kuwa urithi wa Uturuki, na Waarmenia wakalalamika kwamba wameporwa harisa yao. Uchungu wao naufahamu, lakini katika dai la asili sioni mwenye haki ya peke yake, si Mturuki wala Mwarmenia. Kwani al-Baghdadi aliandika namna ya kuipika harisa katika kitabu chake cha mapishi huko Baghdad mwaka 1226, kabla ya dola ya Uthmani kuasisiwa.